Mdakaji Huchuchumaa

Mpaka leo sijui besiboli huchezwaje, na sijui pia kama nilimsaidia mlinzi wetu au nilimharibia.

Mimi nakaa mapokezi katika duka la magari mtaani Wattaya. Yeye ni Mganda, analinda geti. Kwao alikuwa mrushaji nyota wa besiboli, ameshaalikwa kwenda kucheza ng'ambo, ndipo jeshi likampeleka vitani nchi jirani. Aliporudi baada ya miaka mitatu, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Haya alinisimulia kwa Kiswahili chake kigumu, alichofundishwa kambini. Nami nilimwita afande, kwa utani tu, na utani sikuuacha.

Mwaka huu akasikia kuna wageni wanaocheza kila Ijumaa kwenye kiwanja cha vumbi mtaa wa Khuwair ya Kusini, na wanatafuta mrushaji. Kwa umri wake, bahati ya tatu haingekuja. Kila asubuhi kabla hatujafungua, alirushia mpira tairi kuukuu alilotundika nyuma ya karakana. Sikumwona akikosa.

Alhamisi akaniomba nimdakie. Akanipa glavu, akanieleza kwamba mdakaji huchuchumaa na kuinua mikono. Nikachuchumaa. Akainua mkono, akaushusha. Akauinua tena. Jasho lilimtiririka, na jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

Nikadhani ananionea huruma kwa kuwa mwanamke, na hilo silipendi hata kidogo. Nikamwambia arushe, mimi si yai.

"Simama, dada," akasema.

"Si umesema mdakaji huchuchumaa?"

"Watu waliochuchumaa hivyo mbele yangu, ni mimi niliwaamuru. Simama."

Nikasimama. Sikuuliza ni akina nani, wala kilichowapata. Ningeanzia wapi? Akarusha, mpira ukatua kwenye glavu, kifuani hasa, mkono ukafa ganzi. Akarusha tena na tena, kila mara palepale. Akacheka. Nami nikacheka.

Ijumaa nilimsindikiza. Mdakaji wao, mwanamume mnene mwenye kinga ya chuma usoni, akachuchumaa. Mpira wa kwanza ukapita juu ya kichwa chake. Wa pili vilevile, na wa tatu, yote kwa kimo kimoja. Wageni wakatazamana, wakasema kasi anayo ila shabaha hana. Mimi peke yangu niliiona shabaha yake. Alikuwa akimlenga kifuani mtu aliyesimama.

Nilitaka kumwambia yule mdakaji asimame. Sikuthubutu, maana wangeniuliza kwa nini. Nahodha wao akampa mlinzi wetu mkono, akamshukuru kwa kuja.

Tangu siku hiyo simwiti afande. Namwamkia tu asubuhi, napita getini haraka, na hata sasa sijui kama namwogopa au namwonea uchungu.