Rafiki Mkubwa wa Dahiya

Asubuhi hiyo nilikuwa nikianika mashuka ya Teta kwenye balkoni ya ghorofa ya tano, na Njoki alikuwa akikung'uta zulia kwenye balkoni ya jengo la pili, ng'ambo ya kichochoro. Dahiya, upande wa kusini wa Beirut, majengo yamesongamana kiasi kwamba watu wawili wanaweza kupiga gumzo kutoka nyumba hadi nyumba. Sisi tulizungumza Kiswahili cha Nairobi, na hakuna jirani aliyeelewa hata neno moja.

"Niaje Akoth. Madam wako ameamka aje?"

"Ameamka poa. Wako?"

"Wangu ameenda saluni. Leo mimi ndiye madam." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja nne, akanyoosha mkono kama anayengojea kahawa.

Mimi ni mtu wa Silanga, Kibera. Mama huuza sukuma wiki na makaa karibu na bwawa. Njoki alizaliwa Kawangware, si mbali na stage ya matatu ya 56, na babake ana ploti ya nyumba za kupangisha. Nairobi, kama tungewahi kukutana, yeye angekuwa binti wa landlord na mimi mpangaji. Kule Beirut sote tulikuwa wasichana wa kazi. Alikwenda kwa sababu alitaka kufungua saluni yake mtaa wa Satellite bila kumwomba mzee wake chochote. Mimi nilikwenda kwa sababu binamu yangu alikuwa ameenda.

Teta ni jina wanalomwitia nyanya. Yeye ndiye niliyeajiriwa kumwangalia: kumwogesha, kumpikia, kumpeleka kliniki. Alinifundisha Kiarabu kwa kunielekezea vitu kwa fimbo yake, na nilipoanza kuelewa, sikunyamaza tena. Tangu utotoni nina tabia ya kuuliza. Sebuleni kulikuwa na picha ya mzee mwenye kilemba na ndevu. Nilimpangusa vumbi kwa miezi nikidhani ni babu wa familia. Kisha nikamwona kwenye nguzo ya taa barabarani. Kisha nikamwona kwenye ukuta wa kliniki.

"Teta," nikamuuliza, "mume wako alikuwa mtu maarufu hivyo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Alimwita binti yake, yaani Madam, aje asikie. "Huyo si mume wangu. Huyo ni wa Iran."

Nikataka kujua mtu wa Iran anafanya nini ukutani kwa Teta. Ndipo nikaanza kuelewa mtaa niliokuwa nikiishi. Pale palikuwa pa kundi moja lenye silaha na siasa zake, na nyuma ya kundi hilo kulikuwa na Iran, nchi kubwa ya mbali iliyowapa silaha, mafunzo na fedha. Kliniki ya Teta ilikuwa ya kundi hilo. Madaktari walikuwa wazuri, dawa hazikukosa, na hakuna aliyewahi kuniangalia vibaya mle ndani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Jawad, kitinda mimba wa Madam, alikuwa mmoja wao. Alikuwa akipotea kwa wiki kadhaa, akirudi na nguo za kufua, akila akiwa amesimama jikoni. Siku moja nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Niko na vijana," akasema.

Nikacheka. Kibera pia, mtu akisema "vijana wameshuka," unajua hazungumzii kwaya. Nilikuwa msichana mdogo wakati wa vurugu za uchaguzi. Mama alitulaza sakafuni, na nje tuliwasikia vijana wa upande wetu wakipita na mapanga. Kila mtu Silanga alijua ni mheshimiwa yupi aliyewatuma. Kilichonishangaza, hata katika umri ule, ni kwamba walipokuwa wakipigwa risasi, yeye alikuwa kwake, ndani ya geti.

Kwa hiyo nikamuuliza Jawad: "Huyo rafiki yenu mkubwa, siku mkipigwa, atakuja?"

Aliacha kutafuna. "Atakuja. Na yeye akiguswa, sisi tutaenda. Huo ndio urafiki."

"Umewahi kufika kwao?"

"Mara moja. Kwa mafunzo." Akatabasamu. "Wana wali mzuri sana."

Teta alikuwa na maelezo yake. Alizaliwa kusini, karibu na mpaka, na kijiji chao kilikaliwa na wanajeshi wa Israeli kwa miaka mingi. "Wakati huo hakuna serikali iliyotuuliza tumelalaje," aliniambia. "Hawa walituuliza." Muuza mboga wa chini yetu aliona vingine. Siku moja, huku akinichagulia nyanya, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu akikupa bunduki, ipo siku atakuambia uielekeze wapi. Kisha akaniomba nisirudie maneno hayo kwa yeyote.

Niliyarudia kwa Njoki tu.

"Wewe utaulizwa kwa nini unauliza," akasema. "Sisi ni wageni hapa, Akoth. Hii vita yao haituhusu."

Vita ilikuwa tayari ikiendelea. Gaza ilikuwa ikipigwa, kundi la akina Jawad lilikuwa likirusha roketi kutoka kusini kuwaunga mkono wenzao, na Israeli ilikuwa ikijibu. Kwetu zilifika ndege tu. Zilipita juu zikapasua anga kwa kishindo, vioo vikatetemeka, na watu wakaendelea na kahawa yao. Nilishangaa walivyotulia. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba haitafika Beirut, kwa sababu rafiki mkubwa yupo na adui anamwogopa.

Siku moja nilikuwa dukani kwa muuza mboga, mchana.

Mbele yangu alisimama mwanamume mmoja akichagua matango. Kiunoni alikuwa na kifaa kidogo cha kupokea ujumbe. Kikalia. Akainamisha kichwa kukitazama.

Kikalipuka.

Alianguka juu ya kreti za matunda. Nilisikia mlipuko mwingine barabarani, halafu mwingine mbali zaidi. Nilitazama juu kutafuta ndege. Hakukuwa na ndege.

Nikapanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa wazi. Madam alikuwa amepiga magoti jikoni, na Jawad alikuwa mikononi mwake, uso umefunikwa na taulo. Taulo lilikuwa jeupe nilipolikunja asubuhi.

Kifaa chake pia kilikuwa kimelipuka, kama vya wenzake wengi saa ile ile, na watu walisema Israeli ndiyo iliyovitega mabomu. Alipoteza macho yote mawili na vidole vya mkono wa kulia. Hospitali zilijaa kupita kiasi, na baada ya siku chache wakamrudisha nyumbani, nikawa nawauguza wawili. Nilimlisha kwa kijiko. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kila mara ni saa ngapi, na nani amepiga simu.

Ndege zikaanza kupiga vijiji vya kusini, barabara zikajaa magari yenye magodoro juu. Waajiri wa Njoki wakaondoka. Walimwachia mkate, mchele na maji, wakamwambia wanarudi, wakamfungia kwa nje. Wasichana wengi walifungiwa hivyo. Njoki alinieleza haya kutoka balkoni akiwa bado anacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshika vyuma vya balkoni.

"Wakirudi watanipata nimenona," akasema.

Bomu kubwa lilipiga jioni, mitaa michache kutoka kwetu. Sakafu ilipanda na kushuka. Vumbi liliingia kila chumba, na picha ya ukutani ikaanguka kifudifudi.

Madam akasema tunaondoka sasa hivi, kwa jamaa yao mlimani. Mumewe akamshika Teta, mimi nikamshika Jawad, tukashuka hadi kwenye gari. Hapo ndipo tuliposikia Njoki akiita jina langu.

"Ni nani huyo?" Jawad akauliza.

"Ni rafiki yangu. Amefungiwa."

Babake akasema hakuna wakati, na tena nyumba ile ni ya wenyewe.

"Baba," Jawad akasema, "vunja huo mlango."

Mzee akachukua chuma cha kubadilishia gurudumu, akaita jirani mmoja, wakapanda ngazi za jengo la Njoki. Tulikaa ndani ya gari, Teta amelala kwenye mapaja yetu, simu zote zikilia kwa maonyo ya jeshi la Israeli kuhusu majengo yatakayopigwa.

Njoki akatoka na begi la mgongoni. Akatazama ndani ya gari na kuona hakuna nafasi hata ya mtoto.

"Enda tu," akaniambia. "Wasichana wa Kenya wote wako kule baharini. Nitawapata."

Nilitaka kushuka niende naye. Teta alikuwa ameshika mkono wangu, na Njoki ndiye aliyefunga mlango wa gari.

Aliwapata wenzake. Makao ya wakimbizi yaliwakataa kwa kuwa si wenyeji, wakalala kando ya bahari na Waethiopia na wasichana wa Sierra Leone, mpaka kanisa moja likawafungulia ukumbi. Tulizungumza kila siku. Alinipa habari za wote waliokuwa pale kana kwamba nimewajua miaka mingi.

Kule mlimani, jioni moja, watu walitoka nje wakipiga kelele. Jawad akaniita.

"Niambie unaona nini."

Angani taa nyingi zilikuwa zikipita, moja nyuma ya nyingine, zikielekea kusini. Watu walisema ni makombora ya Iran.

"Taa," nikamwambia. "Nyingi sana. Zinaenda upande wa Israeli."

Teta alikuwa akipiga makofi. Jawad aliinua uso wake wenye bandeji. "Si nilikuambia atakuja?"

Nilitazama mpaka ya mwisho ikapotea. Nilitaka kujua zilianguka wapi na juu ya nani, lakini hakuna pale aliyekuwa akiuliza hilo. Kesho yake Dahiya ilipigwa tena, na siku iliyofuata tena. Jawad hakulitaja tena jambo hilo, nami sikumuuliza.

Ikaja habari kwamba Wakenya wanaweza kusafirishwa nyumbani. Waajiri ndio huzishika pasipoti za wasichana, lakini Madam mwenyewe alinirudishia yangu, bila kuombwa. Ya Njoki ilikuwa kwenye droo ya chumba cha waajiri wake, Dahiya, na bila hiyo angekaa zaidi akingojea karatasi nyingine. Nilimwambia angojee. Nilimwambia mara nyingi.

Adhuhuri akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia pikipiki. "Akoth, usinipigie kelele. Kumetulia leo, hata paka wamerudi. Naingia, natoka, nakupigia."

Nilingoja.

Nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Jirani yule aliyevunja mlango ndiye aliyempigia mume wa Madam simu. Majengo yote mawili, la Njoki na letu, yalikuwa yamepigwa na kulala chini. Watu walimwona msichana Mwafrika akiingia. Hakuna aliyemwona akitoka.

Nilirudi Nairobi peke yangu. Nilikwenda Silanga, nikalala kwa mama siku nyingi, kisha nikaoga na kwenda Kawangware.

Wazazi wa Njoki walikuwa wameshafanya ibada bila mwili. Babake, mzee mrefu mwenye koti, alinikaribisha sebuleni, akaniuliza kama anayechunguza mpaka wa shamba, taratibu, kitu kimoja kimoja. Hao watu walikuwa wanapigania nini? Hiyo Iran iko wapi? Kama iko mbali hivyo, inataka nini huko? Na Israeli ilijuaje kilicho ndani ya jengo?

Nilimweleza nilichokijua. Nilimweleza habari za Teta na kijiji chake, za Jawad na vijana, za muuza mboga, za kliniki. Nilimwambia kwamba rafiki mkubwa alirusha makombora jioni moja, na baadaye akatuma ndege kuwachukua baadhi ya waliopofuka wakatibiwe kwake, Jawad akiwa mmoja wao. Sikutaka kumficha hilo. Lakini hakuna rafiki yeyote aliyelikinga jengo, na waliolipiga hawakumjua Njoki, na hakuna hata mmoja kati yao, wa upande huu wala ule, aliyekuja kutuambia chochote.

Mzee alitikisa kichwa. "Kwa hivyo hakuna wa kuuliza."

"Hakuna, mzee."

Nimefikiria sana tangu hapo. Njoki alisema vita haituhusu, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi nilitaka kuielewa, na niliielewa kiasi. Kuelewa kwangu hakukumsaidia kitu. Hata hivyo sijutii kuuliza, kwa sababu bila hayo ningekaa mbele ya wazazi wake nikiwa na neno moja tu, bomu.

Mamake alikuwa amekaa muda wote karibu na mlango wa jikoni. Nilipoinuka kuaga, akanishika kiganja.

"Hiyo siku," akasema, "alikuwa amekula?"

Sikutarajia swali hilo. Lakini jibu nilikuwa nalo, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumezungumza.

"Alikuwa amekula, mama. Kuna msichana wa Kakamega alipata unga wa mahindi mahali. Wakasonga ugali pale kanisani. Njoki alisema ulikuwa na mabonge, lakini aliongeza mara mbili."

Mama akafunga macho, akatikisa kichwa kukubali. Akaniachia mkono, akaingia jikoni, na nikamsikia akiwasha jiko.

"Kaa," akaniita kutoka ndani. "Usiende bila kula."

Nikakaa.