Mzizi wa Nne

Usiniambie wivu ni kitu kibaya kama hujawahi kuwa na wifi kama Dinah. Kila majira ya kuchipua, yeye na mama mkwe wangu, Mama Nola, walipotelea msituni juu ya kijiji chetu cha Big Cove na kurudi na mizizi-damu, ile inayotoa maji mekundu ukiikata. Wekundu wa vikapu vya Mama Nola unatoka humo. Mimi niliachwa jikoni na mkate wa maharage, nisuke vikapu vyangu kwa rangi ya kahawia ya maganda ya jozi.

"Usinune, wifi," Dinah alinitania, akinionyesha makusudi vidole vyake vyekundu. "Pale mahali ni pa damu yetu tu."

"Kwani wanangu wana maji mwilini?"

Roho iliniuma, mwenzenu.

Mwaka huu Mama Nola akanigongea mlango. "Etta, mwanangu, vaa viatu twende."

Weee! Nilipita mbele ya nyumba ya Dinah kwa madaha, jembe begani. Akanikodolea macho.

Tulipanda kando ya kijito hadi kwenye miti mikubwa, ambayo ilikuwa bado haijatoa majani, jua likifika hadi chini. Nikaona ua jeupe la mzizi-damu, limejifunika jani lake kama mtoto na blanketi.

Desturi kila mtu anaijua: unaupita mmea wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne ndio unachimba mzizi wake. Nikaupita wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nikazunguka miti, nikapekua majani makavu. Wa nne hakuna.

"Mama, mingine iko wapi?"

"Wifi yako hakuhesabu. Watalii wanapenda kununua vikapu vyekundu, na mimi macho yameisha, nikamwamini."

Nikawaka. "Sasa mimi umenileta nifanye nini?"

"Dinah nilimleta kuchimba. Wewe nimekuleta kulinda. Nyumbani kwangu hakuna mwenye wivu kama wewe."

Nilitaka kulia. Tulirudi na kikapu kitupu.

Kesho yake asubuhi Dinah akapanda na jembe lake. Akanikuta nimekaa palepale kando ya ile mimea mitatu, shali begani.

"Jamani, wifi, mmoja tu! Nina kikapu cha watu hakijaisha."

"Hesabu," nikamwambia. "Ukiuona wa nne, niite."