Maua ya Chisense

Jirani yangu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, huanika chisense, samaki wadogo kuliko kidole, akiwa amepiga magoti mchangani. Hutembeza kiganja nusu duara huku akiimba kwa sauti ya chini, na kila anaposogea, samaki hubaki wametanda kwa mizunguko inayong'aa. Jana Ruffin, mchuuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa juu ya lori akipanga magunia, akamwita.

"Mama, kuya uone maua ulichora."

"Maua gani? Mi naanika samaki tu."

Hata hivyo akapanda. Alitazama kwa muda mrefu, mkono mdomoni, kisha akacheka.

"Kumbe ndege wanaonaga hivi."

Aliposhuka, alirekebisha mzunguko mmoja uliovurugwa na bata, ingawa samaki walikuwa wamekwisha kukauka na Ruffin alikuwa akiwangoja.