Swali la Mara ya Pili

Mfikirie mwanamke mmoja, ndugu yangu, anaingia ofisini asubuhi. Mlango ni wa kioo na bawaba zake zimechoka, kwa hiyo anausukuma kwa nyonga, maana mikono yote miwili imekumbatia mafaili. Miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, zawadi ya mumewe ambaye ni fundi viatu. Hajafika hata kwenye kiti chake, watu saba kwenye benchi wameshasimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaeni jamani, mimi si bendera mnisimamie."

Kwa miaka kumi na mmoja aliingia hivyo katika ofisi ile ya msaada wa sheria kwa wahamiaji. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Waliokimbia kwao walisema lugha aliyozaliwa nayo, mawakili hawakujua hata salamu yake, naye alikaa katikati, akipokea huku na kupeleka kule.

Mawakili hawakudumu. Kulikuwa na ufadhili: wakili aliyetoka kuapishwa juzijuzi anapewa miaka miwili ya kuwatetea wahamiaji bure, kisha anaaga na kumpisha mwingine. Shangazi alishapokea watano. Huyo wa tano walimpa jina Kinanda, kwa sababu viatu vyake vililia kila hatua.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia siku ya kwanza, "ukienda chooni ofisi nzima inajua. Vua, nimpelekee mzee wangu."

Kinanda akahoji wateja siku nzima akiwa na soksi, kidole gumba kimoja kikichungulia nje. Watu wakampenda papo hapo.

Sheria aliijua. Watu ndio walimpiga chenga. Wiki ya pili, mama mmoja alimpa tarehe tatu tofauti za tukio moja. Mama yule alipotoka, Kinanda aliitupa kalamu mezani. "Huyu ananidanganya mchana kweupe!"

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. "Hakudanganyi, anakuheshimu. Kwetu, mtu mwenye cheo akikuuliza kitu mara ya pili, maana yake jibu la kwanza halikumpendeza. Ni utovu wa adabu kulirudia. Unamtafutia jingine. Akiuliza mara ya tatu, unamtafutia la tatu."

"Sasa ukweli nitaupataje?"

"Tarehe iache. Muulize alikuwa anafanya nini. Mkulima atakwambia mahindi yalimfika kiunoni. Hapo hutamtingisha."

Kinanda aliandika yote kwenye daftari. Tangu siku hiyo alishinda kesi hadi wenzake wakaanza kumwonea kijicho. Jumapili alikula nyumbani kwa Shangazi, akaosha vyombo bila kuambiwa, akamwita mama. Miaka miwili ilipokwisha walikata keki, wakalia. Alisema amepata kazi serikalini, na Shangazi alifurahi kama mzazi. Hakuuliza ni kazi gani.

Wiki sita baadaye aliitwa kutafsiri kwenye baraza la rufaa, chumba chenye feni moja na kipaza sauti cha kupigwapigwa ndipo kiamke. Aliyekuwa mbele ya baraza ni mwashi, mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Kaka yake aliuawa, naye akakimbia. Akishindwa, angepandishwa ndege kurudishwa kwa watu walewale. Wakili hakuwa naye, kwa kuwa nafasi aliyoiacha Kinanda haikuwa imejazwa, na hakimu alisema kesi imeshaahirishwa vya kutosha.

Shangazi alikuwa bado anafuta miwani aliposikia, "Habari za asubuhi, mheshimiwa." Hakusikia mtu akiingia. Aliinua macho. Wakili wa serikali alikuwa Kinanda, suti mpya, viatu vipya, kimya kabisa.

Kwanza Shangazi alitabasamu, ujinga wa mapenzi. Kinanda hakumtazama.

"Ulikimbia tarehe ngapi?"

Shangazi akatafsiri. Mwashi akajibu, "Tarehe kumi, mwezi wa tatu."

Kinanda alifunua karatasi taratibu. "Nakuuliza tena. Ulikimbia tarehe ngapi?" Aliuliza kwa upole, kwa sauti ileile aliyoombea chai mezani kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa amekula kiapo: tafsiri kila neno, usiongeze lako. Akatafsiri. Mwashi alisugua viganja, akainamisha kichwa kwa adabu. "Labda mwezi wa nne, mkubwa."

"Una uhakika?"

"Basi mwezi wa tano."

"Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba ametoa tarehe tatu."

Mwashi akamgeukia Shangazi, uso umemnawiri kama mtu aliyefanikiwa kumhudumia mgeni. "Dada, sasa ameridhika?"

Na hilo nalo ilibidi litafsiriwe. Alilitafsiri kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Anauliza, sasa ameridhika?"

"Ana maana gani?" hakimu aliuliza.

Shangazi alieleza. Kinanda akasimama. "Napinga, mheshimiwa. Mkalimani hana ruhusa ya kutoa ushahidi."

"Nani asiyejua hilo? Lakini huyu anajua nisemalo, nimemfundisha mimi! Alikuwa anakula kwangu!"

Hakimu aliamuru maelezo yake yafutwe. Kesi ikaahirishwa wiki tatu ili atafutwe mkalimani mwingine. Tarehe tatu zikabaki kwenye kumbukumbu, na jina la Shangazi likaondolewa kwenye orodha ya wakalimani siku hiyohiyo.

Kinanda alimfuata kwenye korido. "Mama, sheria sikuitunga mimi. Kuuliza tarehe ni swali halali."

"Ni halali. Mara ya kwanza."

"Usinichukulie vibaya. Ni kazi tu."

"Uliandika kwa mkono wako, mwanangu. Nilikuwa nakuangalia."

Kinanda akageuka kuondoka. "Msalimie mzee."

Salamu hizo hazikufika. Mumewe aliposimuliwa, aliacha kupaka gundi, ikakauka kwenye brashi. "Na mimi niliyemshonea soli mbili bure," alisema. "Angalau ningemtoza moja."

Siku ya nne, mlango wa nyumba uligongwa. Alikuwa wakili wa sita, msichana mwembamba, daftari jipya kifuani. Alikaribishwa kigoda.

"Shangazi, nimepewa faili la mwashi. Tarehe nitajua namna ya kuzieleza, nimesikia yaliyotokea. Lakini kuna kitu kibaya zaidi. Kwenye fomu ameandika hana ndugu, na madai yake yote ni kwamba kaka yake aliuawa. Wakili wa serikali akiliona hilo, tumekwisha. Nimemuuliza mwenyewe, kupitia mteja mwingine anayejua lugha yetu kidogo, anatazama chini tu. Kwa nini ameandika hivyo?"

Shangazi alijua kwa nini. Kwao, aliyeuawa hahesabiwi kati ya ndugu hadi azikwe, na kaka yule hakuna aliyempata akamzika. Hili hata Kinanda hakuwahi kuambiwa. Wangapi kwenye benchi lile waliandika vivyo hivyo? Mtu mwenye nia mbaya akilijua, ana fimbo ya kuwapigia wote.

"Mkataba wako ni wa muda gani?" Shangazi aliuliza.

"Miaka miwili."

"Halafu utakwenda wapi?"

Msichana alifikiri. Angeweza kudanganya, lakini hakufanya hivyo. "Sijui, Shangazi. Kwa kweli bado sijui."

Akafungua kalamu, akasubiri. Sasa wewe uliyekaa nami hadi hapa, hebu nisaidie: ungekuwa Shangazi, ungemwambia?