Mama Seline Achola, Aliyewasomea Sala Waliobaki Ziwani

Somo la siku: Ufunuo 20:11–13

Alizaliwa Seme mwaka 1962, mwaka ule ambao mvua ilikataa kukoma na ziwa likapanda hadi kwenye mashamba ya mtama. Baba yake alikufa kabla hajamwona. Ndiyo sababu, baada ya kubatizwa Seline, alipewa pia jina la Achola, jina la mtoto anayezaliwa mama yake akiwa bado katika maombolezo. Mama yake alikuwa mtu wa rozari na jembe. Alimlea binti huyu peke yake, akamfundisha sala za asubuhi na jioni, na akamrithisha ukali. Hili tuliseme mapema, maana wapo wanaodhani mtu wa Mungu hushuka kutoka mbinguni akiwa amekwisha kukamilika. Seline hakuwa mtu wa maneno laini, na ukali huo ulikuja kumliza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1984 aliolewa na Walter Oyugi, kijana wa Luanda Kotieno aliyekuwa akifanya vibarua Kisumu, wakapanga chumba cha mabati katika mtaa wa Obunga. Hapo Seline alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Obunga ni moshi na mafuta, na watoto hukusanyika palipo na harufu ya chakula. Basi wakija kungoja vipande vilivyovunjika, Seline aliwafundisha ishara ya msalaba, kisha Baba Yetu, kisha amri za Mungu, huku akigeuza samaki kwenye karai. Asiyejua kujibu alipata kipande chake vilevile, ila alipata na maneno yake. Siku moja padri wa parokia alipita akasikia watoto wakiitika katikati ya moshi. Akasimama, akasikiliza, akamwuliza mama huyo kama angekubali kusomea ukatekista. Seline alicheka kwanza. Kisha akakubali, na katika maisha yake yote hakuna siku aliyoutaja wito huo bila kutaja na karai lake.

Walter aliugua kifua akafariki mwaka 1995. Seline alimsindikiza hadi kwao Luanda Kotieno, akamzika, naye hakurudi tena mjini. Alibaki katika boma la mumewe na mtoto wao wa pekee, Calvince, aliyekuwa na miaka minane. Ndugu za marehemu walitaka arithiwe na shemeji kama ilivyo desturi. Alikataa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekula nyumbani kwake. Alivumilia. Kigango cha pale hakikuwa na katekista, kwa hiyo padri alimkabidhi kitabu cha maziko na watoto wa mafundisho. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikimruhusu. Siku nyingine zote, aliyezaliwa alimpitia Seline, na aliyekufa alimpitia Seline.

Sasa tufike pale ambapo wengine wangependa tupite haraka. Mwaka 2003 mvuvi mmoja, Obonyo, alizama. Kwenye fuo zetu mtu akizama, bichi hufungwa. Hakuna mashua itakayokwenda kuvua hadi mwili upatikane, maana haifai watu wale samaki wakati mwenzao yumo majini. Obonyo alitafutwa, hakuonekana. Basi wazee wakafanya ambalo baba zetu walilifanya tangu zamani: walikwenda kwenye mti wa yago, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia, wakakata tunda moja badala ya mwili, wakalivika shuka, wakalilaza katika jeneza, wakalichimbia kaburi mahali ambapo Obonyo angelala. Mke wake, Perez, alikuwa Mkristo wa kigango, mwimbaji wa kwaya. Alimwomba Seline aje asome sala. Seline alifika, akatazama ndani ya jeneza, akafunga kitabu.

"Kanisa haliziki tunda," alisema, akaondoka.

Watu walifukia wenyewe. Perez hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Aliacha kwaya, akaacha Misa, na alipokutana na Seline njiani alihama upande wa barabara. Seline aliamini ameitetea imani. Kila alipoiona nafasi ya Perez tupu kwenye benchi la kwaya, alijiambia kwamba kuteleza si kuanguka, iko siku yule mama angerudi. Hakujiuliza hata mara moja ni nani aliyeteleza.

Miaka minane ikapita. Calvince alikuwa amekua kijana mrefu, mcheshi, mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na ndiye aliyemwezekea mama yake nyumba mpya. Mwezi wa tano mwaka 2011 upepo uliipindua mashua yao. Wenzake waling'ang'ania mbao wakaokolewa. Calvince hakuonekana.

Bichi ilifungwa. Seline alikaa majini, maana kusema alikaa kando ya maji si kweli, miguu yake ilikuwa ndani. Wanawake walimletea uji ukapoa. Mashua zilitoka kutafuta, zikarudi tupu, zikatoka tena. Siku ambazo kwa kawaida maji humrudisha mtu zikaja zikapita, naye hakurudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi wengine tunasimulia tu. Tunajua kwamba alikuwa akiita jina lake kwa sauti ya kawaida, jinsi mama anavyomwita mtoto aje kula, na kwamba wanaume wazima waliondoka pale wakajificha nyuma ya mashua kulia.

Hapo ndipo shemeji zake walipokuja kumwambia kwamba wameona tunda la kufaa. Boma zima lilingoja ajibu. Je, yule aliyefunga kitabu kwa Obonyo angekifungua kwa mwanawe? Asipokifungua, Calvince angezikwa bila sala. Akikifungua, alikuwa amemdhulumu Perez mbele ya watu wote. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na kila mtu bichi aliikumbuka methali hiyo ingawa hakuna aliyethubutu kuitamka.

Seline aligeuka akatazama ufuo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie aliona kilichokuwa mbele yake: nyavu za kuanikia omena zimekunjwa, majiko hayana moshi, wanawake wamekaa wamefunga matumbo kwa leso. Giza la mwezi, ambalo ndilo wakati wa omena, lilikuwa linakwisha, na hakuna aliyelalamika. Aliinuka akamwendea Mzee Okinyi, mwenyekiti wa bichi.

"Mzee, fungua bichi. Watoto wa watu wale."

"Na Calvince, Mama?"

"Calvince ana mwenyewe. Hao watoto wana nyinyi."

Mzee Okinyi alisimulia baadaye kwamba katika uzee wake wote hakupata amri nzito kama hiyo. Alifungua bichi. Seline hakungoja kuona mashua ya kwanza ikisukumwa. Alichukua kitabu chake cha maziko, akapanda njia ya kwenda kwa Perez, mchana kweupe, akiwa na nguo zilezile zilizokauka na matope.

Perez alikuwa akimenya muhogo mlangoni. Alimwona akija tangu mbali na hakuinuka. Seline alifika akasimama, na Perez hakumletea kiti. Kwetu mgeni hata akiwa adui hupewa kiti. Wale waliokuwepo wanasema Seline alisimama hapo kwenye jua bila kuegemea kitu.

Mwishowe Perez alisema, "Katekista. Uliniambia Mungu hajui tunda. Leo analijua?"

Seline alijibu, "Mungu alilijua siku zote, Perez. Asiyejua nilikuwa mimi." Kisha akaongeza, sauti ikikatika, "Sikuja kwa ajili ya mwanangu. Nimekuja kumzika Obonyo."

Perez aliacha kisu. Alimwongoza nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililokuwa limeota nyasi, na Seline akapiga magoti, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza wa ibada ya maziko. Alisoma yote. Hakuruka zaburi, hakufupisha litania, na kila palipotakiwa jina alilitaja, Obonyo, Obonyo, kana kwamba mtu huyo alikuwa amekufa jana. Watoto wa Perez walitoka ndani wakasimama. Wakati wa kuitika, sauti iliyoitikia ilikuwa ya Perez, ile ya kwaya. Walipomaliza, Perez aliingia nyumbani akatoka na kiti.

Kesho yake ndipo tunda la yago lilipokatwa kwa ajili ya Calvince. Lilivikwa shati lake la Jumapili. Seline alisimama kaburini na kitabu mkononi, akafungua mdomo, na hakuna neno lililotoka. Alijaribu tena. Watu waliinamisha vichwa, maana hakukuwa na katekista mwingine na padri alikuwa mbali. Basi Perez akapita katikati ya watu, akakitwaa kile kitabu kutoka mikononi mwake, akamshika mkono, akamsomea mwanawe. Alisoma na lile neno la Ufunuo, kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake.

Padri alipofika na kuelezwa, hakumkemea mtu. Aliwafundisha kwamba Kanisa haliombei tunda, linamwombea mtu, na kwamba anayemwombea marehemu asiyeonekana hamwombei kivuli. Seline alilia kwa maneno hayo. Alisema aliyahitaji miaka minane nyuma.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine, ingawa tusidanganyane, aliendelea kuwakaripia watoto wa mafundisho. Popote mtu alipozama, kuanzia Dunga hadi Usenge, na ng'ambo kule Mbita, Seline alikwenda. Hakuhubiri. Aliingia majini akakaa karibu na mama wa aliyepotea, na mama huyo akiita jina, naye aliliita. Wapo wanaoshuhudia kwamba alipokuwa akisali miili ilirudi ufuoni, hata ile iliyokwisha kukatiwa tamaa. Mvuvi mmoja wa Mbita anasema alipotezwa njia na upepo, akasikia sauti ya mwanamke ikimwita kwa jina, akapiga kasia kuelekea kwenye sauti hiyo, akafika. Sisi tunayaeleza kama tulivyoyapokea. Kanisa halijatamka lolote juu yake, na hatutaki kulitangulia. Jambo moja halina ubishi: mwili wa mwanawe mwenyewe haukurudi kamwe. Aliwaombea wengine wakapewa, yeye akanyimwa, na hakuacha kuomba. Kwangu mimi, kama muujiza upo, ni huo.

Saratani ya koo ilimpata mwaka 2021. Mwishowe hakuweza kumeza wala kusema, na Perez ndiye aliyekuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Alifariki mwezi wa saba mwaka 2022, mchana, milango ikiwa wazi upande wa ziwa. Siku ya maziko bichi nyingi zilijifunga zenyewe, ingawa hakuwa amezama. Alilazwa kando ya kaburi la Calvince. Padri alipomaliza ibada, aliuliza kama yupo mwenye neno la mwisho. Perez alisogea, mzee sasa, akainama juu ya jeneza akasema naye kama wanavyosema majirani wawili mmoja akisafiri.

"Mama Calvince, wewe tumekuona, tunakuzika tukikuona. Ukifika, mtafute mtoto wako kwanza. Ukishampata, mtafute Obonyo wangu. Mwambie alisomewa. Mwambie ilichelewa, lakini alisomewa yote."

Ndugu msomaji, huenda katika nyumba yako au jumuiya yako yupo mtu uliyemfungia kitabu ukidhani unamtetea Mungu. Usingoje ziwa likufundishe. Chukua njia leo, nenda ukasimame mlangoni kwake, na usipopewa kiti, simama.

Sala: Ee Mungu Baba, uliyemjalia mtumishi wako Seline moyo wa kurudi alikokosea, utupe nasi machozi kama yake na miguu kama yake. Uwafariji akina mama wanaoita kando ya maji wasiitikiwe. Na wale tuliowazika bila kuwaona, Bwana, sisi hatujui waliko. Wewe unajua. Amina.