Jirani Yangu wa Ukurasa na Vitambaa vya Kompyuta

Habari za kifo cha jirani yangu wa ukurasa nilizipata kwa mke wangu, wala si kwa mhariri, na hilo lenyewe liliniuma. Nilikuwa sebuleni kwetu hapa Suna, mjini Migori, nikihangaika na sentensi ya kwanza ya safu, naye akaingia kutoka jikoni, simu mkononi, machozi yakimtiririka. "Mwalimu wangu ametuacha," akasema. Nikamuuliza mwalimu gani, maana katika nyumba hii nilidhani mwalimu ni mimi. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. "Mama wa kona," akasema. "Yule wa Oyugis." Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kanga, akalia kilio ambacho sikumbuki kukisikia nyumbani kwetu tangu tulipomzika mamake.

Wasomaji wa siku zote hawahitaji kuelezwa ni nani aliyefariki. Kwa aliyetufikia leo, chini ya safu hii, upande wa kulia, kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoitwa kona, ambamo mwanamke mmoja aliwaelekeza watu wenye kompyuta nyumbani jinsi ya kuishi nazo. Alikuwa amefundisha upigaji chapa katika chuo kimoja huko Homa Bay, akastaafu, akarudi Oyugis, akaanza kuandika. Wala asije mtu akawaambia kwamba alikuwa mnyenyekevu. Alivaa kofia pana, alicheka akasikika ng'ambo ya barabara, na alijua vizuri sana kwamba anapendwa. Mimi nilipewa karibu ukurasa mzima niandike juu ya haki, uongozi na mauti. Yeye alipewa pembe, akaandika jinsi ya kuipindua kibodi na kuipigapiga mgongo, kama mama anavyompigapiga mtoto aliyeshiba, ili makombo ya mandazi yatoke kabla sisimizi hawajahamia. Watu wakasoma pembe. Nilimwonea wivu, na kwa kuwa msibani husemwa kweli, bado ninamwonea.

Mke wangu ni mzaliwa wa Sindo, kwa hiyo mimi humwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, kama ilivyo desturi yetu Waluo ya kumwita mke kwa jina la kwao. Yeye hufuma vitambaa vya uzi, vile vinavyotandikwa kwenye makochi, meza, redio na televisheni, na makasi yake ya kazi ni makali. Kila gazeti lilipofika, aliikata ile pembe na kuibandika ukutani nyuma ya kompyuta yetu. Mhariri naye, kwa ukatili ambao hajaungama, alikuwa ameipanga safu yangu iizunguke pembe hiyo. Basi kila juma nililiona gazeti langu likiwa na shimo, nami nimelizunguka shimo hilo kama ua lililobaki baada ya nyumba kubomolewa. Katika miaka yote ya kuandika, sijaona makasi yale yakikata hata aya moja yangu. Nimewahi kusifiwa na wakubwa, nimealikwa kuhutubia walimu, lakini nilichokitamani ni kibandiko kimoja tu kwenye ukuta ule, na sikukipata. Wala safu yenyewe Nyar Sindo hakuimaliza hata siku moja. Husoma aya mbili, akasema, "Umeandika," kisha akarudi kwenye uzi wake.

Mara moja tu nilipata tumaini. Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani huku kwetu, zilipokelewa kama bibi harusi. Zikapewa meza ya heshima karibu na picha za familia, na kwa sababu sisi hatuachi kitu cha thamani uchi, zikafunikwa vitambaa. Jambo ambalo watu wa kwingine huenda wasiliamini ni kwamba zilifunikwa zikiwa zinafanya kazi. Mtu aliinua kitambaa upande wa mbele kama pazia, akatazama kioo, akaandika barua yake au akaongea na binti yake aliye Uarabuni, huku mgongo wa mashine umefunikwa gubigubi. Mashine ikachemka, ikazima. Wengine walilaumu stima, wengine aliyewauzia, na namjua aliyemshuku jirani kwa jicho baya. Ndipo Mama wa kona akaandika maneno machache kuliko ninayotumia mimi kujikohoza: ondoa kitambaa, kompyuta hupumulia mgongoni.

Siku ile vitambaa vikaondolewa kutoka Sindo hadi Suna, na wateja wa mke wangu wakaanza kupiga simu kusema hawahitaji tena vile walivyoagiza. Nyar Sindo akawaka. Akaitafuta namba ya mwandishi, akampigia mbele yangu. "Wewe mama, wewe ndio unaniharibia kazi kwa gazeti? Hii vitambaa imenilisha kabla hata hiyo kompyuta yako haijazaliwa!" Mimi nilikuwa kitini, gazeti limenifunika uso, moyo ukinichezea ngoma. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nami nilikuwa nimengoja vya kutosha. Nilijua makasi yameacha kona kuanzia siku hiyo, na kwamba mwenye haki yake angekumbukwa.

Sikumjua vizuri yule mwanamke. Siku chache baadaye alishuka mjini Migori, kofia na yote, akaulizia njia mpaka akafika mlangoni kwetu. "Nyar Sindo ni nani hapa?" akauliza, kana kwamba mimi niliyefungua mlango ni komeo.

"Ni mimi," mke wangu akajibu. "Na kama umekuja kwa maneno ya vitambaa, karibu ukae, lakini chai sipiki."

"Chai utapika tu. Lete kwanza kitambaa yako ile nzuri kabisa."

Kikaletwa cheupe, chenye maua ya pembeni, ambacho hata mimi sijawahi kuruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Mgeni akaiwasha kompyuta yangu bila kuniomba, akaifunika, wakakaa wakingoja na kuulizana habari za kwao. Halafu akaushika mkono wa mke wangu, akauingiza nyuma ya mashine. "Unasikia nini?"

"Moto."

"Sasa nyar gi mama, wewe nikikufunika blanketi mchana, nikuambie ulime, si utazima?" Nyar gi mama ni binti wa mama, ndiyo kusema dada yangu. Mke wangu alijikaza, akashindwa, akacheka. "Mimi sikusema watu watupe vitambaa," mgeni akaendelea. "Vumbi ya hii barabara yenu ni adui mkubwa. Nilisema vibaya, nitasema tena vizuri: zima kwanza, ngoja ipoe, ndio ufunike. Na ufunike na kitu safi. Wewe fuma, mimi nitawatuma kwako."

Akawatuma kweli. Juma lililofuata kona iliwahimiza wasomaji wote wawe na kitambaa kizuri cha kufunikia kompyuta iliyozimwa, na simu za nyumbani kwetu hazikupumua. Siku ya ziara yenyewe chai ilipikwa, tena mara ya pili, na aliyetumwa dukani kuleta maziwa ni mimi. Wakati wa kuaga, mgeni alisimama nami mlangoni. "Mwandishi, mimi nakusomanga," akaniambia. "Hasa nikikosa usingizi." Sijui mpaka leo kama ilikuwa sifa. Nilibaki nikiitazama kofia yake ikipungua barabarani, nikijua kwamba nilikuwa na mhasimu mmoja asubuhi, na jioni hiyo nina wawili, tena mmoja wao nalala naye chumba kimoja.

Nimeuchunguza wivu wangu kama mtu anavyochunguza jino linalouma. Haukuwa wivu wa kofia wala wa kucheka. Sisi tunaoandika huku magharibi tuna tabia ya kuandika kwa ajili ya kupigiwa makofi na waandishi wenzetu. Tunaiita kompyuta tarakilishi, tunaupamba ukurasa, kisha tunashangaa kwamba watu wa sokoni wamefungia dagaa wa omena humo. Wakati huohuo maisha ya watu yamehamia ndani ya mashine hizi. Mkulima hutafuta humo bei ya mahindi, bibi humuona mjukuu asiyewahi kumbeba, na kijana huomba kazi kwa barua ambayo asipoihifadhi stima ikipotea itapotea nayo. Watu hao hawakuwa wakiuliza maana ya maisha. Walikuwa wakiuliza kwa nini herufi ni ndogo hivi. Mama wa kona aliwaambia washike Control na alama ya kujumlisha, na herufi zikakua. Mimi sina sentensi hata moja iliyowahi kumkuzia mtu kitu mbele ya macho yake.

Tulimzika kwao, nje kidogo ya mji wa Oyugis. Nilikuwa nimeandaa hotuba, sentensi zimenyooka, na nakiri nilitarajia angalau mtu mmoja atakumbuka kwamba ukurasa ule ulikuwa na watu wawili. Mwendesha shughuli akawakaribisha waombolezaji, na kila aliyeshika kipaza sauti alikuja na kidokezo. Mzee mmoja alieleza alivyofundishwa kuondoa jina la mjukuu wake kwenye nenosiri, kwa sababu mtaa mzima unalijua jina hilo. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Mombasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, alisema kwa Kiswahili chake laini, "Mimi hesabu ya duka zima niliifuta kwa kidole kimoja. Nikampigia huyu mama. Akaniambia, kaka, usiguse kitu, shika Control na Z. Zikarudi zote. Mungu amrehemu." Watu wakapiga makofi matangani, jambo ambalo si la kawaida.

Zamu yangu ilifika. Nilisoma hotuba yangu juu ya kalamu na umauti. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipokuwa nikirudi kitini nilimsikia mama mmoja akiuliza, "Na huyo ni nani?" Mwenzake akamjibu, "Ni bwana ya Nyar Sindo, ule mama wa vitambaa."

Baada ya mazishi mwana wa kiume wa marehemu, mtu mzima aliyepokea wageni siku nzima bila kudondosha chozi, alituita ndani. Kompyuta ya marehemu ilikuwa mezani, bado inawaka. "Hatujaizima tangu aende hospitali," akasema. "Kuna kitu alikuwa anaandika. Tunaogopa tukigusa itapotea." Kilichokuwa kwenye kioo hakikuwa siri yoyote, ni kidokezo cha kona ambacho hakijamalizika. Wasomi tuliokuwemo tukatazamana. Nyar Sindo akavuta kiti, akaketi. Akaihifadhi ile kazi. Akaifunga, akaizima mashine taratibu, kioo kikawa cheusi. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwake na kukiacha hapo, kama anayepima homa ya mtoto.

"Tufunike?" yule mwana akauliza.

"Bado," akasema. "Iko na joto."

Tukangoja. Nje watu walikuwa wakigawiwa chakula, nasi ndani tumesimama tukiungoja moto uitoke mashine. Hatimaye akasema, "Sasa imepoa." Akatoa kitambaa kwenye mkoba, kile cheupe chenye maua ya pembeni, akakitandaza, akakinyoosha pembe zake zote. Hapo ndipo yule mwana alipolia.

Ningependa kuwaambia kwamba wakati ule wivu ulinitoka. Ulizidi. Nilisimama katika chumba cha mfu nikimwonea wivu kwa sababu kulikuwa na mtu duniani aliyeyashika maneno yake kiasi cha kuyatenda siku ya kuzikwa kwake, bila kukosea, naye hayupo kusahihisha. Nilimngoja chini, na sasa yuko chini, na bado yuko juu yangu. Kama kuna funzo, ni kwamba mwandishi asijiulize watu wangapi wamemsifu. Ajiulize ni mkono wa nani uliofanya jambo vizuri zaidi kwa sababu yake. Mimi sina hakika na jibu langu, na ninalisema hilo kwa uchungu.

Haya yote niliyamaliza leo asubuhi, nikampa Nyar Sindo. Nilijifanya natafuta miwani ili nisionekane namchungulia. Aya ya kwanza, ya pili, kisha nikangoja aseme, "Umeandika." Hakusema. Macho yake yaliendelea kushuka, akafungua karatasi ya mwisho, akafika chini kabisa. Nikamuuliza anaonaje.

"Umeacha kitu," akasema. "Pale Oyugis mimi nilichomoa waya kwanza kabla ya kufunika. Hukuona? Mtu atasoma hii yako, afunike kompyuta ikiwa bado kwa stima, iungue. Huyo mama angekasirika sana."

Nikachukua kalamu, nikaandika alivyotaka. Wasomaji wangu, ukimaliza kazi ihifadhi, zima, chomoa waya, weka kiganja mgongoni na ungoje ipoe, ndipo ufunike kwa kitambaa safi. Nikamrudishia. Akaisoma ile sentensi, akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Hapo sasa," akasema. "Gazeti likitoka, hiyo nitakata."