Pantaleo Alivyomwonjea Gaspari Sindano

Watu wa Shively wakimkosa Pantaleo kanisani hawaulizi kama anaumwa. Wanauliza safari hii yuko wapi. Ni mzee wa miguu huyo. Alizaliwa Burundi, akakulia kambini Tanzania, akazeekea hapa Kentucky, na popote alipokuwa hajakaa mpaka kiti kikamzoea. Tangu alipoacha kazi ya kupakia maboksi ghalani, kazi yake ni kuangalia wagonjwa. Akisikia mtu wa kambi yao ya Mtabila amelazwa, hata kama ni mbali, anafunga mkoba, anapanda basi, anafika, anakaa kando ya kitanda. Haleti dawa. Analeta habari za watu wote, na anakula chochote kilichopikwa.

Naye amewahi kulala kitanda kama hicho. Miaka miwili iliyopita kifua kilimbana mbele ya duka, na madaktari wakamtia kiwaya chembamba ndani ya mshipa wa moyo ili damu ipite. Alipotoka, watu walidhani sasa atatulia. Alitulia mpaka miguu ilipopata nguvu.

Basi, mwezi wa kumi, Spés akapiga simu kutoka Buffalo. Spés ni mke wa Gaspari, na Gaspari kwa Pantaleo ni zaidi ya ndugu. Kambini nyumba zao zilishikana ukuta. Mmoja akikohoa, mwenzake alisema pole bila kuamka.

"Shemeji, njoo," Spés alisema. "Mwenzako ataniua kwa ubishi."

"Amefanya nini tena?"

"Moyo wake umepanuka, hausukumi damu vizuri, miguu inavimba. Daktari anataka achanjwe mafua makali, hii flu, kabla baridi haijashika. Unakumbuka mwaka jana ilivyompata? Daktari anasema ikirudia hivyo, moyo hautaweza. Na yeye ananiambia mwenye moyo mgonjwa hachomwi sindano!"

"Nani alimwambia?"

"Kambini! Kila kitu kambini! Njoo wewe. Wewe anakusikia."

Pantaleo akasema anakuja. Hakusema kwamba yeye mwenyewe hajachomwa. Kila mwaka kliniki humwuliza, naye hujibu kwa adabu, "Nilimaliza." Kwake alimaliza kule Kasulu, karibu na kambi, kabla ya ndege ya kuja Marekani. Walipangwa mstari, wakachomwa mkono huu na ule, wakaambiwa sasa mko tayari. Na tayari ni tayari. Wazee wengi wa kambi wanaamini hivyo mpaka leo, kwamba sindano za ndege ni sindano za maisha.

Njiani alilala Hilliard, upande wa Columbus, kwa binti yake Delfina. Dawa zake za moyo zilikuwa zinakaribia kuisha, kwa hiyo asubuhi Delfina akampeleka duka la dawa. Mtoa dawa alikuwa Kendi, Mkenya aliyekuja kusoma chuo kikuu cha hapo Columbus akabaki kufanya kazi.

"Mzee, mwaka huu umechoma ya flu?" Kendi akauliza.

"Nilimaliza, mwanangu."

"Lini?"

"Kabla ya ndege."

"Ndege gani?"

"Iliyotuleta."

Delfina akacheka mpaka akashika kaunta. "Baba! Ndege hiyo mimi nilikuwa darasa la tatu!"

Kendi hakucheka. "Zile zilikuwa za surua na magonjwa mengine, mzee, na ulifanya vizuri. Lakini hii flu haikai vile ilivyo. Kila mwaka inakuja na sura ingine, na ile kinga ya mwaka jana inaisha nguvu."

"Na moyo? Nina waya humu ndani."

"Si ndiyo sababu nakusumbua? Flu ikishika mtu, mwili wote unawaka. Moyo unakimbizwa usiku na mchana, damu inaganda kwa urahisi. Moyo mzima unavumilia. Uliowahi kuumwa unaweza kuziba tena siku hizo hizo. Sindano haizuii yote, sitakudanganya. Unaweza kuchomwa na bado uipate. Lakini inapunguza makali, na inapunguza hatari ya moyo."

"Yenyewe haitaniletea hiyo flu?"

"Haiwezi, haina flu hai ndani. Mkono utauma, pengine joto kidogo. Basi."

Pantaleo akaweka dawa zake mfukoni. Alikuwa anamfikiria Gaspari. Kwao, mwenye pombe huonja kwanza, mgeni akimwona, ndipo humpa. Asiyeonja ana lake jambo. Sasa yeye angewezaje kumwambia rafiki yake apokee kitu ambacho mwili wake mwenyewe haujakipokea? Akakunja shati. Sindano ikaingia, ikatoka, akauliza kama wameanza.

Akapanda basi la Buffalo moyo ukiwa mweupe, akijua amefanya la maana. Kumbe hapo ndipo alipoharibu.

Gaspari alimpokea mlangoni kwa namna ya kwao, akamshika mikono yote miwili juu karibu na mabega na kumkumbatia kushoto na kulia. Pantaleo akaguta kwa maumivu.

"Una nini wewe?"

"Sindano," Pantaleo akasema akijishika bega. "Nimekuonjea."

Gaspari akamwachia. Alikuwa amekonda usoni, miguu imevimba ndani ya soksi. "Umeniuza kwa Spés. Haya, umeonjea wapi?"

"Columbus."

"Nani aliona?"

"Delfina."

"Mimi sikuona. Panta, tangu lini mtu anaonja pombe nyuma ya nyumba, halafu anamfuata mgeni na mdomo mkavu, anasema kunywa? Si huyo ndiye mwenye sumu?"

"Yesu wangu!" Spés akapiga makofi jikoni. "Na mimi je? Sikuchomwa mbele ya macho yako pale kliniki?"

"Wewe moyo wako ni chuma. Jembe likiugonga litapinda."

Pantaleo akaingia jikoni. Alimwuliza Spés pembeni kama anaweza kuchomwa nyingine, Gaspari akitazama. "Shemeji, hii si chai ya kuongeza," Spés akajibu, na macho yake yalikuwa na machozi. "Baridi inakuja. Wanasema sindano inahitaji kama wiki mbili mpaka ishike. Tukibishana mpaka theluji ianguke, nitamzika huyu."

Jioni ile Pantaleo hakuleta habari za mtu yeyote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Asubuhi akaketi mbele ya mwenzake.

"Gaspari, una haki. Nimekosa, ningekusubiri. Lakini niambie, mwenye sumu akishaonja kwa ujanja hufanya nini?"

"Huaga haraka."

"Basi mimi siagi. Moyo wangu una waya, wako umepanuka, tuko kapu moja. Nitakaa hapa, unitazame. Nikianguka, usichomwe."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka unichoke."

Ilikuwa ahadi ya kutisha, na yeye alijua. Moyo wa mzee una mambo yake. Kama kifua kingembana juma lile kwa sababu yoyote, Gaspari asingekubali tena sindano maisha yake yote. Basi Pantaleo akajitunza kama yai. Dawa alimeza kwa wakati, ngazi alipanda pole pole, na alipoalikwa na majirani, kina Rutebuka, kula nyama ya kukaanga alikataa, na hilo nalo halijawahi kutokea.

Gaspari alitazama kweli. Alimtazama akila, akitembea, akipumua juu ya ngazi. Pantaleo akikoroma mchana, Gaspari alivuta kiti karibu asikilize kama mkoromo uko sawa.

"Mnatazamana kama wachumba," Spés akasema.

"Nyamaza, nampima."

Jumapili kanisani wakasikia Mukandoli, mama wa kwaya, amelazwa kwa flu, naye hakuwa hata na ugonjwa wa moyo. Gaspari alirudi nyumbani, akatafuta wembe. Kesho yake alitoka chumbani amenyoa ndevu, amevaa koti la ibada.

"Panta, hujaanguka."

"Bado."

"Basi twende kabla hujaanguka."

Spés alikuwa ameshashika funguo za gari. Pale kliniki Gaspari aliomba Pantaleo amshike mkono wa pili, akafumba macho, akaanza Baba Yetu, na hakufika kwenye mkate wa kila siku, muuguzi akamwambia tayari.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo," Pantaleo akamjibu. "Na mkono utakuuma, usije ukanisingizia."

Akakaa nao siku chache zaidi, kisha miguu ikamwasha, akarudi Shively.

Mwezi wa pili, Buffalo ikiwa imefukiwa na theluji, flu ikaingia nyumba ya Gaspari. Spés alipoona tu Gaspari ana homa, akampigia daktari siku ile ile, akapewa dawa za flu. Pantaleo aliposikia alifunga mkoba akauweka mlangoni, akashindwa kula. Siku zikapita akingoja simu ile mbaya. Simu ikalia, na jina la Spés likatokea kwenye kioo. Akaipokea amesimama.

"Fungua mkoba wako," sauti ikasema. Ilikuwa ya Gaspari, ikikwaruza kama mlango wa bati. "Sikulazwa. Nimeamka, daktari amenisikiliza moyo, anasema umevumilia. Kaa huko."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua. Ila nina njaa, na huyu mwanamke amenipikia maharage bila chumvi, kama ya mfungwa."

"Chumvi daktari alikataza."

"Na wewe uko upande wake! Ungeyaona haya maharage, Panta. Ungelia."

Pantaleo akakaa chini, simu sikioni, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Endelea," akasema. "Na mchuzi ukoje?"